Chakula Chepesi si Chakula cha Wagonjwa

Maoni ya karani mmoja wa ofisi ya kilimo, Nairobi



Katika gazeti la wakulima tumezoea kusoma juu ya mbegu, mbolea, magonjwa ya ng'ombe na bei za sokoni. Hayo ni mambo mema, wala sina neno juu yake. Lakini leo naomba nafasi niseme machache juu ya mahali ambapo mazao yetu yote huishia, yaani ndani ya sufuria. Ni kazi bure mkulima kutoa jasho miezi mitatu akuze mboga njema, kisha sisi wa mjini tuiharibu kwa robo saa tu jikoni.

Nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani, basi mtanisamehe nikisema kama mtu aliye na chaki mkononi. Nilizaliwa Mbotela, na mpaka leo nakaa upande huo huo wa mashariki ya Nairobi. Baba yangu alipakia mizigo miaka mingi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Kwa hiyo haya nisemayo sikuyatoa kitabuni peke yake.

Ukisimama kando ya Lunga Lunga Road alfajiri utaona watu wengi kama siafu wakitoka Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, wakienda viwandani kwa miguu. Wengine hutoka Kaloleni, na wengine hutoka Maringo, Jericho na Bahati, wakavuka Jogoo Road. Ikifika saa saba mchana hao wote hutoka malangoni kutafuta chakula. Vibandani kuna chapati na madondo, ugali na matumbo, githeri, wali na chipsi. Akina mama wanaopika hapo ni watu wa kushukuriwa, maana bila wao viwanda vingeshinda na njaa. Lakini tazama sahani. Mara nyingi mafuta yanaelea juu ya mchuzi, na mkebe wa chumvi uko mezani, kila mtu ajimwagie apendavyo. Mteja akiyaona mafuta hayo hufurahi, husema, "Mama huyu anajua kupika!" Akirudi nyumbani jioni hutaka yale yale.

Hapa ndipo tulipopotea. Tumeyafanya mafuta kuwa kipimo cha mapenzi na cha fedha. Mwenye kupika kwa mafuta mengi huitwa mtu mwenye uwezo, na mwenye kupika kwa mafuta machache hudhaniwa kuwa maskini au mgonjwa. Mimi nasema sivyo.

Naomba nieleze yaliyotupata nyumbani. Mwaka 2019 baba alianguka asubuhi alipokuwa akivaa viatu. Ilikuwa kiharusi. Tulipofika hospitali tukaambiwa kwamba presha yake ilikuwa juu, na yamkini ilikuwa juu miaka mingi bila yeye kujua. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi kama zamani. Mzee aliyebeba magunia begani leo hawezi kufinyanga tonge la ugali. Hula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na wageni wakija huona haya, huchukua sahani yake akaenda kula chumbani.

Muuguzi alimwambia mama apunguze chumvi, apunguze mafuta, aongeze mboga. Mama alitii. Juma la kwanza alipika kabichi ya kuchemsha na viazi vya kuchemsha, basi. Baba akaisukuma sahani, akasema, "Mama, hiki ni chakula cha wagonjwa. Mimi nimekula chumvi nyingi katika dunia hii. Leo ndiyo itaniua?"

Tulicheka, lakini baadaye nilifikiri sana. Mzee alikosea juu ya chumvi, ila juu ya kile chakula alisema kweli. Hakikuwa na ladha hata kidogo. Tuliambiwa tuondoe nini, lakini hatukuambiwa tuweke nini mahali pake. Na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu watu wengi hushika shauri la daktari siku tatu, na siku ya nne wakarudia mambo yao ya kale.

Ugonjwa huu si wa nyumba yetu pekee. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha iliyopanda, na wengi hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate, mchuzi wa pakiti na chakula cha kibandani.

Sasa tufanye hesabu ya mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na gramu moja ya wanga hutoa 4 tu. Tuseme mama anapikia watu watano sukuma wiki, naye humimina vijiko sita. Akitumia viwili, ameokoa vijiko vinne. Kijiko kimoja ni mililita 15, kwa hiyo vinne ni mililita 60 kila jioni. Kwa siku 30 ni mililita 1,800, karibu lita mbili za mafuta! Wewe unayenunua mafuta ya kupima dukani, fikiri hizo fedha zingenunua nyanya ngapi, mayai mangapi, na omena kiasi gani.

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema, "Karani, wewe umekaa kwenye kiti. Mtu wa kubeba mizigo ahitaji chakula kizito." Ni kweli kwamba afanyaye kazi ya mikono ahitaji chakula cha kutosha, wala simwambii apunguze ugali wake. Chakula chepesi si chakula kidogo. Nguvu ya kudumu mpaka saa kumi hutoka katika githeri, maharagwe, viazi vitamu na ugali wa unga usiochekechwa, ambavyo husagika tumboni pole pole. Mafuta yanayoelea huleta usingizi tu. Na sisi makarani, madereva na walinzi, tunaokaa kutwa, twala sahani ile ile ya mpakia mizigo. Sisi je, twaipeleka wapi?

Wa pili atasema kwamba chakula bila mafuta hakina utamu. Huyu nitamjibu kwa sufuria. Mama yangu alipoona sahani inarudi imejaa, alibadili njia. Aliweka kijiko kimoja au viwili vya mafuta, akakaanga kitunguu kwa moto mdogo, akifunika. Kitunguu kikianza kushika, hakuongeza mafuta, aliongeza kijiko cha maji. Akarudia hivyo mpaka kikawa rangi ya kahawia. Akatia kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyanya, akaziacha ziive mpaka zikapondeka kabisa. Chumvi aliitia mwisho, kidogo, kwa sababu chumvi ya mwisho ulimi huiona upesi. Alipoepua akakamulia ndimu na kunyunyizia dania. Majuma machache baadaye baba aliomba kuongezewa. Mkono wake haukupona kwa ajili hiyo, na dawa anameza kila siku mpaka leo, kwa maana chakula hakishiki mahali pa dawa. Lakini sahani hairudi tena.

Sisemi mafuta yaachwe kabisa. Vitamini A iliyo katika mboga za majani na karoti haiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Kijiko kimoja ni rafiki. Vijiko sita ni mkopo ambao moyo utakuja kuulipa. Na yale mafuta ya chipsi yaliyokwisha chemshwa siku mbili tatu hata yakawa meusi, hayafai kurudi jikoni.

Wa tatu atasema kwamba ulaji mwema ni wa matajiri. Huyu namwonyesha vyakula vitatu ambavyo kila soko la kwetu, kutoka Gikomba mpaka vibanda vya Mukuru, havikosi.

Kwanza githeri. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, ndipo uchemshe. Yataiva upesi na makaa yatapungua. Usitie magadi. Magadi hulainisha, ni kweli, lakini huharibu vitamini ya maharagwe, tena huongeza mwilini kitu kile kile kibaya kilicho katika chumvi. Ukinunua githeri iliyokwisha chemshwa, isuuze kwa maji moto kabla ya kuiunga. Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja husaidiana kujenga mwili, hata siku ile isiyo na nyama.

Pili sukuma wiki. Osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate, maana ukikata kwanza uzuri wake huenda na maji. Tia katika kitunguu na nyanya zilizoiva, funika, hesabu dakika tano, epua yakiwa bado kijani. Mboga iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi imekufa mara mbili, mara ya kwanza shambani, mara ya pili jikoni.

Tatu omena. Wengi huizamisha katika mafuta. Jaribu hivi: ioshe kwa maji moto mara mbili kuondoa mchanga, ikaushe katika kikaango kisicho na mafuta mpaka ilie, kisha iunge kwa nyanya, kitunguu na tangawizi, na mwisho ndimu. Huliwa na mifupa yake, kwa hiyo huwapa watoto madini ya chokaa kwa meno na mifupa. Tena, chai isinywewe pamoja na chakula hicho wala na mboga. Ngoja saa moja, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie damuni.

Sasa neno kwa mkulima, maana gazeti hili ni lako. Managu, terere, saga, kunde na mrenda, ambazo wengine waliziita magugu na chakula cha maskini, leo akina mama wa Eastlands wanazitafuta. Mboga iliyochumwa changa na kufika ingali mbichi ina ladha yake yenyewe, haihitaji kusaidiwa kwa mafuta. Mboga iliyonyauka ndiyo humfanya mpishi amimine. Basi chuma mapema, funika mzigo wako jua lisiupige, na usiuoshe katika maji ya mtaro barabarani. Na ukinyunyizia dawa, hesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Mtoto wa Mukuru atakayekula majani hayo hawezi kukusomea ile karatasi ya dawa. Wewe ndiwe uliyeiona.

Na wewe mkulima wa mjini, unayelima kando ya Mto Ngong unaopita viwandani na Mukuru, nisikilize bila kukasirika. Maji yale yana uchafu wa vyoo na wa viwanda. Uchafu wa vyoo huweza kufa kwa moto, lakini madini ya risasi, kama yale yaliyo ndani ya betri za magari, hayatoki kwa kuosha wala kwa kupika, nayo hudhuru akili za watoto. Afadhali gunia moja la udongo safi mlangoni pako. Simamisha mawe katikati ya gunia ili maji yashuke mpaka chini, toboa matundu ubavuni, panda sukuma na terere, mwagilia maji safi. Ukulima wa mjini si haramu: Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake mwaka 2015 kuuruhusu na kuuongoza.

Mwisho, namrudia msomaji mmoja mmoja. Sikuombi ubadili kila kitu kesho. Jioni ya leo pima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kwa jicho. Ondoa chumvi mezani. Nunua ndimu moja na fungu la dania. Nawe baba wa nyumba, mkeo akikuletea mchuzi usioelea mafuta, usiulize kama fedha zimekwisha. Onja kwanza. Na siku ya mapumziko nenda kituo cha afya cha karibu ukapimwe presha. Kupima ni dakika chache na hakuumi.

Baba yangu hakupimwa. Kila nikimwona akibeba sahani yake kwenda chumbani, nakumbuka kwamba sote tulikaa meza ile moja miaka ile yote, tukasifu mchuzi, wala hakuna aliyesema neno. Ndiyo maana leo nasema.