Naamani na Maji ya Yordani

Kisa cha Naamani, jemadari wa Shamu, kimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa tano, na ni vigumu kumpata mtoto aliyepita shule ya Jumapili asiyekijua. Lakini mara nyingi msimulizi hukoma pale mtoni, jemadari anapotoka majini akiwa mzima, na yaliyobaki huachwa. Juma hili, wasomaji wapenzi, na tukisome polepole, maana mna ndani yake mambo yampasayo mtu wa jembe na mtu wa kalamu pia.

Naamani alipata ukoma. Neno la Kiebrania lililoandikwa hapo ni pana kuliko ukoma tuujuao sisi. Hutaja magonjwa mbalimbali ya ngozi, na katika Mambo ya Walawi hutumika hata kwa doa la nguo na la ukuta wa nyumba. Pengine ndiyo sababu aliweza kuendelea kuongoza jeshi na kuingia kwa mfalme. Hata hivyo alitaka sana kupona, kwani alichukua safarini talanta kumi za fedha, uzito wa kilo 300 hivi, na vipande 6,000 vya dhahabu, na mavazi kumi.

Aliyemwonyesha njia alikuwa msichana mdogo wa Israeli, mateka wa vita, mtumishi wa mkewe. Alisema kwamba yuko nabii katika Samaria. Basi mfalme wa Shamu akaandika barua; lakini akampelekea mfalme wa Israeli, wala hakumtaja nabii hata kidogo! Mfalme yule alipoisoma alirarua mavazi yake, akidhani anatafutiwa ugomvi. Sisi makarani twajua jinsi barua iliyofika meza isiyo yake iwezavyo kuleta taabu, ila hiyo ilikaribia kuleta vita.

Elisha aliposikia, akataka mgonjwa aletwe kwake. Farasi na magari yakasimama mlangoni, naye nabii hakutoka. Alituma mjumbe tu: nenda ukaoge mara saba katika Yordani. Naamani akaghadhibika. Alitarajia mtu wa Mungu atoke, amwite Mungu wake, apunge mkono juu ya ugonjwa. Tena akauliza kama Abana na Farpari, mito ya Dameski, si bora kuliko maji yote ya Israeli. Kwa habari ya maji hakusema uongo. Abana hudhaniwa kuwa ndio Mto Barada, ushukao milimani na kunywesha bustani za Dameski, hali Yordani huko chini huwa na matope. Kosa lake ni kudhani kwamba dawa imo katika maji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watumishi wake ndio waliomwinamisha, kwa upole, wakimwita baba: kama angaliambiwa jambo kubwa, je, asingalilifanya? Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Mkulima akiambiwa achimbe matuta ili mvua isichukue udongo wake, husema, "Hayo tu?" Alingoja dawa ya chupa kutoka ng'ambo. Nalo jembe li mkononi mwake.

Naamani akashuka mtoni. Maandiko hayasemi kwamba baada ya mara ya tatu doa moja lilitoweka ili apate moyo. Kwa habari tuliyopewa, mara ya sita alitoka majini akiwa mkoma vile vile, mbele ya askari wake, kisha akajitosa tena.

Alipopona alirudi kwa Elisha na kuomba mambo mawili. Kwanza, udongo wa kupakiwa nyumbu wawili, apate kumwabudu Mungu wa Israeli kwao. La pili lilikuwa gumu zaidi: bwana wake aingiapo nyumba ya mungu Rimoni huuegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama pamoja naye, je, atasamehewa? Elisha hakumwamuru aache kazi, wala hakumwambia kwamba kuinama si kitu. Alimwaga kwa amani. Wahubiri wengi hupita hapo mbio, nami sioni kwa nini. Mtu mwenye imani changa na bwana mkubwa juu yake alistahili kusikilizwa.

Gehazi, mtumishi wa nabii, alikuwa amesikia bwana wake akikataa zawadi. Akamkimbilia Naamani kwa uongo, akapewa talanta mbili na mavazi mawili, akavificha nyumbani. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye, aliyeishi karibu na nabii miaka yote hiyo.

Na yule msichana? Alimtakia heri mtu ambaye nchi yake ilimtenga na wazazi wake, na bila neno lake safari isingalikuwako. Jina lake hatukupewa, wala hatuambiwi kama alirudishwa kwao.