Kagua vyumba vya uani kabla ya kulipa
Dalali atakuonyesha vigae vya sebuleni, atafungua bomba maji yatoke, kisha atapita haraka kwenye vile vyumba vya uani vilivyoungwa miaka mingi baada ya nyumba. Wewe simama hapo hapo. Tazama ukuta wa nyongeza unapokutana na wa zamani: ufa ukishuka wima toka darini hadi sakafuni, huenda matofali hayakufungwa pamoja na msingi wa nyongeza unatitia peke yake. Rangi ya juzi haitibu ufa huo. Uliza shimo la choo liko wapi, maana wapo wanaojenga chumba juu yake. Dai na kibali cha ujenzi cha nyongeza hiyo. Hati inahusu kiwanja, haisemi lolote kuhusu ukuta. Hakikisha pia mipaka: mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, upande wa Dar es Salaam, nyumba nyingi zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na jasho la watu likaishia kwenye kifusi. Inauma mno. Ndugu msomaji, kabla hujatoa hata arubuni, tafuta fundi asiyeletwa na dalali akague nyumba, na mpima ardhi akuonyeshe mipaka.