Mzaha Hutumbua Usaha, na Ndiyo Kazi Yake

Mwezi uliopita nilitembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa daftari mkobani akanisomea hadithi aliyoitunga. Inamhusu mzee aliyejinunulia jeneza mapema ili asiwasumbue wanawe. Mzee akaliweka ghalani, na kwa kuwa kifo kilichelewa, akaanza kuhifadhia mahindi humo. Kisha jirani akafariki ghafla, na wafiwa wakaja kuomba waazimwe.

Nilicheka hata miwani ikanidondoka. Yeye hakucheka. "Mwalimu," aliniuliza, "hiki ni kisa, au ni mzaha tu? Wazo lenyewe ni dogo, na dhamira yake siioni. Na watu wakicheka, nani atanihesabu kuwa mwandishi?"

Naandika makala haya kumjibu binti huyu, na kuwapinga waliomtia shaka hiyo. Kwa masikitiko, mmoja wao ni mimi.

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na kalamu nyekundu yenye wino tele, niliwapa kidato cha pili insha yenye kichwa "Siku Nisiyoisahau". Kijana mmoja aliandika juu ya mbuzi aliyeila hotuba ya mgeni rasmi, hata mgeni huyo akalazimika kusema kwa maneno yake mwenyewe, na akawa hana la kusema. Iliposomwa, darasa zima liliangua kicheko. Nikampa alama 4 kati ya 20 na kuandika pambizoni: "Mzaha! Rudia." Akarudia. Safari hii aliandika juu ya ajali ya basi ambayo hakuwahi kuiona: damu imetapakaa, vilio vimetanda, na mwishoni nasaha kwa madereva. Nikampa 16. Leo naielewa hesabu ile. Alama 12 za nyongeza nilimlipa kwa kusema uongo akiwa amekunja uso. Hakuniletea tena hadithi yoyote.

Sikuwa peke yangu. Walimu, wahakiki na waamuzi wa mashindano tumewazoesha vijana kutafuta dhamira kwanza, kisha kuwatafuta wahusika wa kuibeba, kama wapagazi. Nasema tulikosea. Dhamira ni mavuno. Haiwezi kutangulia shamba. Katika hadithi ya jeneza imo gharama ya kufa, imo aibu ya kuomba, umo ujirani unaopimwa siku ya dhiki. Yote yamo ndani ya sanduku lile pamoja na mahindi. Mtungaji hakuyaona kwa sababu alikuwa akiitafuta sentensi moja ya kujibia mtihani.

Ama kuhusu udogo wa wazo, nauliza: lipi lililo kubwa? Mwaka 1836 Gogol alichapisha hadithi ya pua iliyomtoroka mwenyewe na kutembea mjini ikiwa na cheo kikubwa kuliko chake. Mwaka 1605 Cervantes alimtoa ulimwenguni mzee aliyesoma visa vya mashujaa hata akili zikamruka, naye akajiona shujaa. Ukivisimulia kwa sentensi moja, visa hivyo ni vya kupisha kahawa barazani. Ukubwa wake ulipatikana katika kuandikwa.

Na anayeogopa kwamba wazo lake limekwisha kutumiwa na wengine, namkumbusha Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi mwerevu na swahibu wake walikuwa wamekwisha kujulikana mbali kwa jina la Sherlock Holmes. Abdulla akamleta Bwana Msa Unguja, akampa kiko, akampa Najum, akampa Kiswahili cha watu wanaojua kubishana. *Mzimu wa Watu wa Kale* ikatoka mwaka 1960, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata baba. Wazo la kuazima halikumpunguzia kitu.

Sasa nije kwenye kicheko chenyewe. Wapinzani wangu hupenda kunitajia methali: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Naikubali methali, ila naomba tuisome vizuri. Usaha huo ulitoka wapi? Ulikuwamo chini ya ngozi siku zote; mzaha haukuuleta, umeutumbua. Na jipu lililotumbuliwa ndilo lililo karibu na kupona.

Wazee wetu walilijua hili. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hangoji harusi. Huja msibani. Humwigiza marehemu, huzuia jeneza lisipite mpaka alipwe, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatiririka. Hakuna aliyesema kwamba mtani ameudharau msiba. Nanyi washairi mnaoinua pua mbele ya hadithi za kuchekesha, mkumbukeni Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye hakuona kijembe kuwa kinaushusha ushairi wake. Mwalimu Nyerere naye, akiwa Rais, alitafsiri *Mabepari wa Venisi*, tamthilia iliyopangwa katika kundi la futuhi tangu mwaka 1623. Ikiwa Ikulu palipatikana nafasi ya futuhi, madarasa yetu yana udhuru gani?

Tena kuchekesha ni kazi ngumu ya lugha. Sema "mzee amefika", umempa heshima yake. Sema "kizee kimefika", umemtia mfukoni. Sema "jizee limefika", na mlango umekuwa mwembamba. Hatukuongeza tusi hata moja. Viambishi vimefanya kazi yote. Mwandishi wa huzuni akikosea neno, msomaji humvumilia kwa ajili ya msiba. Mwandishi wa kicheko akikosea neno, kicheko hakiji, wala hapati wa kumpa pole.

Nakiri kwamba kipo kichekesho kiovu, kinachocheka kilema cha mtu, lafudhi yake au umaskini wake. Dawa yake imo katika sheria ya utani wenyewe: anayetaniwa ana haki ya kujibu. Mhusika unayemcheka mpe ulimi. Mzee wa jeneza anawaambia wafiwa: "Chukueni, lakini mahindi myahesabu." Huyo hakuonewa na mtungaji wake.

Basi binti yangu, shaka uliyo nayo usingoje iondoke ndipo uandike. Imalize hadithi. Msomee mtu asiyekupenda sana. Atakapocheka, usiongeze neno la kumweleza kwa nini amecheka. Atakaponyamaza, rudi kwenye sentensi ile uipunguze. Usibandike nasaha mwishoni ili kuniridhisha mimi au mwamuzi yeyote.

Na wewe kijana wa mbuzi, ambaye sasa bila shaka ni mtu mzima mwenye mvi, kama macho yako yatapita hapa, pokea masahihisho niliyochelewa kuyafanya. Insha yako ya kwanza ilistahili 18. Hizo 2 nimezizuia kwa sababu ya tahajia.