Mtani wa Nyumbani

Mwezi huu tunaomba tuweke kando uji wa watoto na ada za shule, tuzungumze juu ya kitu kisichouzwa dukani wala kulimwa shambani, nacho ni kicheko kati ya mke na mume. Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Sisi tunaona kuwa nyumba nyingi hazivunjiki kwa siku moja. Huanza kwa kununiana, na kabla ya kununiana kicheko kilikwisha kuhama zamani.

Habari za utani sisi watu wa Kigwa tumezirithi. Hapa petu ni kwenye njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji. Burton na Speke walipita huku mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Lakini waliopita mara nyingi kuliko wageni hao ni babu zetu Wanyamwezi, pembe za ndovu mabegani. Na bibi zetu pia, maana wanawake wengi walifuatana na waume zao, vyungu kichwani na mtoto mgongoni. Walivuka pori kavu la Mgunda Mkali, wakapita Ugogo, wakateremka mpaka kwa Wazaramo karibu na pwani. Safari ya miezi kadhaa ina mengi ya kugombanisha watu: maji, chakula, mahali pa kulala. Wazee husimulia kuwa ndipo utani ulipoota mizizi, ili mgeni na mwenyeji wachokozane kwa maneno badala ya kupigana kwa fimbo. Hata leo Mnyamwezi akikutana na Mzaramo, hawamalizi salamu kabla mmoja hajamwita mwenzake mtumwa wake.

Sasa tazameni sheria za utani, kwa maana si mchezo usio na mipaka. Kwanza, utani ni wa pande mbili. Anayetania lazima akubali kutaniwa, tena bila kukasirika. Pili, mtani ana kazi. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kushika jembe kuchimba kaburi, na yeye ndiye wa kuwachekesha wafiwa wakati machozi yamewazidi. Kwa maneno mengine, aliyepewa ruhusa ya kukucheka ndiye aliyepewa jukumu la kukusitiri. Huwezi kuchukua ruhusa ukaacha jukumu.

Mama mwenzetu, je, sheria hizi haziifai ndoa?

Chukua mambo ya kila siku. Mume ameonja mboga, chumvi imezidi. Anaweza kusukuma sahani na kunyanyuka, watoto wakamtazama mama yao kwa huruma. Au anaweza kuuliza, "Mama Nanii, leo umepika kwa maji ya Uvinza?" Kwa kuwa sote tunajua Uvinza ndiko chumvi inakotoka, nyumba nzima itacheka. Na mama atajibu, "Chumvi ndiyo iliyokuwapo tele, Baba Nanii. Pesa ya mboga ndiyo iliyokuwa haba." Ujumbe umefika pande zote mbili, na sahani haikusukumwa.

Au baba ameaga asubuhi kwamba anakwenda Tabora mjini mara moja, naye anarudi usiku kuku wamelala. Maneno makali yako tayari mdomoni. Lakini mke mwenye hekima humpokea mzigo na kusema, "Karibu, mpagazi. Waliokwenda Bagamoyo walirudi na kaniki. Wewe umerudi na nini?" Mume akijibu, "Nimerudi na mimi mwenyewe," hapo mama atacheka hata kama hakutaka. Maswali ya kwa nini alichelewa bado yapo, nayo ataulizwa, lakini ataulizwa akiwa ameketi, si akiwa amesimama mlangoni kama mshitakiwa.

Akina baba nao wana zamu yao. Siku ya Jumapili, mama akikawia mbele ya kioo, utasikia, "Misafara ya zamani ilisubiri ngoma ndipo ianze. Wa kwetu unasubiri kilemba." Tusinune, mama zangu. Tufunge kilemba vizuri, tutoke, tumwambie, "Haya, kirangozi, tangulia. Lakini ukipotea njia usiniulize."

Hata hivyo, wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Yapo maneno yanayovaa nguo ya utani na kumbe ni matusi. Mume anayemcheka mkewe mbele ya wageni kwa sababu hajapata mtoto, au kwa sababu mwili wake umebadilika baada ya kuzaa, au kwa sababu kwao ni maskini, huyo hatanii. Na mke anayemcheka mumewe mbele ya shemeji zake mwaka ambao tumbaku imemwangusha na deni la pembejeo limebaki, naye hatanii. Kipimo ni kile kile cha watani wa njiani. Je, anayechekwa anaweza kujibu? Na anayecheka, yuko tayari kubeba naye huo msiba anaoucheka? Kama jibu ni hapana, basi kusema baadaye "nilikuwa nakutania tu" hakuponyi kidonda.

Mwenzako akikugusa penye kidonda, usimlipe pale pale kwa neno kali zaidi. Subiri jioni, watoto wamelala, umwambie kwa upole, "Baba Nanii, kwenye mengine nitanie upendavyo, ila hapo pananiuma." Mume mwema ataelewa. Na kama matusi na dharau vimekuwa desturi, mama, usivifunike kwa kicheko ili watu wasijue. Tafuta mtu mzima unayemwamini, somo yako au mzee wa familia, useme naye.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kina habari ya Isaka, ambaye jina lake lina maana ya kicheko. Akiwa ugenini kwa Wafilisti alisema Rebeka ni dada yake, kwa kuwa aliogopa kuuawa. Siku moja mfalme alichungulia dirishani akamwona anacheza na Rebeka, na mara moja akajua kuwa huyo ni mkewe. Hakuonyeshwa pete wala cheti. Tujiulize: mtu akichungulia dirisha letu leo jioni, atajua kuwa hawa ni mke na mume, au atadhani ni wapangaji wawili wanaogawana kodi?

Mama mmoja mzee hapa kwetu alifiwa na mumewe baada ya kuishi naye miaka mingi. Tulipokwenda kumpa pole alituambia kuwa chakula anacho, na wanawe wanamtunza. Kinachomliza ni kwamba sasa anapika, na hakuna tena wa kumwambia chumvi imezidi.

Kwa hiyo, akina mama, tuanze kwa kidogo. Leo baba akirudi, kabla ya habari za karo, paa linalovuja na mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, tumtafutie neno moja la kumchekesha. Asipocheka leo, kesho tutajaribu lingine. Maji yakikatika kisimani hatuhami kijiji, tunachimba zaidi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.