HATI YA SHAMBA SI HATI YA MIDOMO YA WATU

Wapo watu nchini wanaoamini kwamba mwenye kumiliki shamba humiliki pia ndimi za watu walio ndani yake. Imani hiyo ni kasumba ya kikabaila, na haina budi kung'olewa kama magugu katika jaruba la mpunga.

Wananchi wa Ubaruku, wilayani Mbarali, wana kila sababu ya kulipima jambo hili. Katika miaka ya 1970 lilijengwa shamba kubwa la mpunga la Mbarali kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, likawekwa chini ya shirika la umma la NAFCO. Katika miaka ya 2000 shamba hilo likabinafsishwa. Mto ni ule ule na majaruba ni yale yale. Kilichobadilika ni jina katika hati. Je, siku jina lilipobadilika, mfanyakazi naye alinyang'anywa kinywa?

Hata kidogo. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, wala haisemi kwamba uhuru huo unaishia langoni kwa tajiri. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakwenda mbali zaidi: mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa anayo haki ya kuingia katika eneo la mwajiri, kuandikisha wanachama na kufanya mkutano hapo hapo. Mwajiri anaweza kuweka masharti ya haki kuhusu wakati na mahali, ili maisha na mali vilindwe na kazi isivurugike. Anaweza kusema, "Kutaneni baada ya kazi, mbali na mitambo." Hawezi kusema, "Msikutane kamwe."

Watetezi wa matajiri watauliza: je, nyumba ya mtu nayo igeuzwe uwanja wa mikutano? Hakuna aliyedai hivyo. Ibara ya 24 ya Katiba hiyo hiyo inalinda mali ya mtu, na mgeni anayemtukana mwenyeji sebuleni atolewe nje. Lakini shamba ambamo umati wa watu huamkia na kuchwelea si sebule. Tena, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Mwekezaji amepewa haki ya kuitumia, hakupewa watu.

Hata hivyo, ni unafiki kumkemea mwekezaji na kumwacha mtumishi wa umma mwenye tabia ile ile. Uwanja wa shule, soko na ofisi ya kijiji ni mali ya wananchi. Mwalimu mkuu au mtendaji anayewafungia wazazi uwanja kwa kuogopa maswali yao juu ya michango amejigeuza kabaila katika mali isiyo yake. Yeye amekabidhiwa ufunguo tu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwaonya viongozi dhidi ya kiburi na ubabe wa namna hiyo.

Mwekezaji na avune mpunga wake kwa amani. Mtumishi wa umma na afungue lango, aketi, asikilize. Mfanyakazi asiyeruhusiwa kusema mahali anapotoa jasho lake ni mtumwa, hata kama analipwa mshahara.