Daktari ataka kunikata utumbo, nikubali?

Barua iliyonifikia wiki jana ilikuwa ya kurasa nne, imeandikwa kwa mkono, na mahali pawili wino ulikuwa umetawanyika kana kwamba karatasi ilidondokewa na maji. Aliyeiandika ni dada wa miaka 31, mkazi wa mtaa mmoja mashariki mwa jiji la Nairobi, mke wa mtu na karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Jina lake nalihifadhi. Amekubali niwaeleze habari yake kwa sababu, asema, hapakosi msichana mwingine anayejikunyata kitandani saa hii huku akiambiwa anadeka.

Yaliyompata ni haya. Alivunja ungo akiwa darasa la saba, na tangu mwaka huo hedhi kwake ikawa vita. Alipokuwa shule ya bweni, kila mwezi alilala siku mbili katika chumba cha wagonjwa, akipewa tembe mbili za Panadol na kuambiwa na metroni kwamba wenzake wote huona mwezi na hawapigi kelele. Nyumbani shangazi alimliwaza kwamba akipata mtoto yatakwisha. Akaolewa. Mtoto hakupatikana na maumivu yakazidi. Akaanza kuumwa hata anapoenda haja kubwa siku za hedhi, uchungu kama wa kisu kinachopandishwa kutoka njia ya haja hadi mgongoni, na mara nyingine aliona damu chooni. Zahanati moja ikamtibu amiba. Nyingine ikamtibu homa ya matumbo. Ya tatu ikamwambia ana vidonda vya tumbo, ikampiga marufuku pilipili na maharagwe. Kwa miaka mitatu mwanamke huyu alikula chakula cha mgonjwa wa vidonda ambavyo hakuwa navyo!

Ni mwaka jana tu alipoketi mbele ya daktari wa kina mama aliyemwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: haya maumivu huja ovyo, au huja na hedhi? Picha ya MRI ikapigwa. Jibu likawa endometriosi, tena iliyokwisha kuingia ndani ya ukuta wa utumbo. Sasa madaktari wataka kumkata kipande cha utumbo. Tarehe ni mwezi ujao, na ameambiwa huenda akaamka na mfuko wa kinyesi tumboni. Mama mkwe amekataa katakata. Mume amenyamaza. Naye aniuliza: "Nikubali?"

Msomaji, mimi si daktari na sitamwambia kubali wala kataa. Lakini nimeona hofu yake nyingi yatokana na mambo ambayo hakuna aliyempa nafasi ya kuyauliza, na najua hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa ana ugonjwa huu. Duniani kote ni kama milioni 190. Ukipanda matatu ya abiria 33 asubuhi, na nusu yao ni kina dada, yamkini mmoja au wawili wanao. Wengi wao hawajui.

Ugonjwa wenyewe ni nini? Ndani ya mji wa mimba mna utando ambao kila mwezi huwa mnene ukingoja mimba, na mimba isipotunga, hubomoka ukatoka kama hedhi. Katika endometriosi, tishu zinazofanana na utando huo huota mahali pasipo pao: juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye kibofu, kwenye utumbo. Homoni zinazouamrisha utando wa ndani huziamrisha na hizi. Nazo huvimba na kuvuja damu, lakini hazina mlango wa kutokea. Mwili nao huwaka, pakafanyika makovu, na makovu hayo hugandisha pamoja viungo vilivyoumbwa viteleze kila kimoja kando ya mwenzake. Ndiyo maana mwanamke huumwa anapoenda haja, ndiyo maana huumwa katika tendo la ndoa, na ndiyo maana wengine hawashiki mimba upesi.

Chanzo chake bado kinabishaniwa. Mwaka wa 1927 daktari wa Marekani, John Sampson, alisema kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi ikamwagika tumboni pamoja na chembe za utando. Kweli hurudi, lakini hurudi kwa wanawake wengi mno ambao hawaugui kamwe. Kwa hiyo kuna jambo jingine, na pengine la kurithiwa, kwani aliye na mama au dada mwenye ugonjwa huu yumo hatarini zaidi. Lisilobishaniwa ni hili: hauletwi na uasherati, hauambukizwi, si laana, na si malipo ya mimba iliyotolewa. Nalisema wazi kwa sababu dada yetu ameandika kwamba mama mkwe alimwuliza mbele ya watu "ulifanya nini ulipokuwa msichana". Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Wakenya wengi walilisikia neno hili mara ya kwanza kutoka kwa mtangazaji Njambi Koikai, yule aliyeitwa Fyah Mummah Jahmby. Wake ulimwingia kifuani, mapafu yakawa yakinywea mara kwa mara, hata mwaka wa 2018 akasafirishwa hadi Marekani kupasuliwa kwa msaada wa michango ya wananchi. Alirudi na kuendelea kuusema ugonjwa huu hadharani, katika nchi ambayo hata pakiti ya sodo hufungwa kwa gazeti isionekane. Alifariki Juni 2024. Lakini wa kifuani ni nadra. Wa utumboni si nadra hivyo, na mara nyingi hushika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ile iliyo karibu kabisa na mji wa mimba.

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Ugonjwa huuingia utumbo kutoka nje kuja ndani. Kwa hiyo kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa yaweza kuona utumbo safi kabisa, mgonjwa akaambiwa hana kitu. Kinachoufichua ni picha ya altrasaundi iliyopigwa na mtu anayejua anachokitafuta, au MRI, na wakati mwingine laparoskopi, yaani kamera nyembamba inayoingizwa kupitia kitundu karibu na kitovu. Nawe msomaji, kabla ya hizo picha zote, una kifaa kisichokugharimu kitu: daftari. Andika tarehe ya hedhi, siku ya maumivu, yaliuma wapi, ulienda haja vipi, uliona damu au la. Miezi mitatu ya daftari la namna hiyo humsaidia daktari kuliko kumwambia "tumbo laniuma".

Je, hakuna dawa? Zipo. Tembe za kutuliza uvimbe kama vile ibuprofen hupunguza makali, lakini zinywe baada ya chakula, na anayezimeza kila mwezi kwa miaka mingi amweleze daktari. Zipo pia dawa za homoni: tembe za kupanga uzazi, sindano, koili yenye homoni. Hizi huzilaza zile tishu zisivuje. Zinawafaa wengi hata wasihitaji kisu. Lakini haziondoi kovu lililokwisha kukazana, na mara nyingi ukiziacha maumivu hurudi. Tena mwanamke anayetafuta mtoto hawezi kuzitumia, kwa kuwa nyingi huzuia mimba. Dada yetu yuko papo hapo.

Na lile la "zaa utapona" tuliache. Mimba huweza kuyatuliza maumivu kwa muda, si kuuponya ugonjwa. Kuna wasichana wa chuo walioshauriwa hivyo wakabaki na mtoto na maumivu yao vile vile. Hata kutolewa kizazi si hakikisho, kwa sababu tishu zilizo kwenye utumbo zitabaki pale pale zisipoondolewa.

Sasa tuje kwenye kisu. Madaktari hawaukati utumbo kwa pupa. Ikiwa ugonjwa umekaa juu juu, huuparura na kuuacha utumbo mzima. Ukiwa umezama lakini ni mdogo, hutoa kipande cha duara, kama unavyotoa sehemu iliyooza katika kiazi, kisha hushona. Ukiwa mkubwa, au umeufinya utumbo ukawa mwembamba, ndipo hukata kipande kizima na kuunganisha ncha mbili. Kazi hii mara nyingi hufanywa kwa vitundu vidogo, mgonjwa akiwa katika nusukaputi. Swali la kwanza ambalo dada yetu anapaswa kuuliza, basi, ni hili: mmekusudia ipi kati ya hizo tatu, na kwa nini ndogo yake haitoshi? La pili: mmefanya ngapi kama huu wangu? La tatu: daktari wa upasuaji wa utumbo atakuwamo chumbani tangu mwanzo pamoja na yule wa kina mama, au ataitwa mambo yakiharibika? Usione haya kuuliza. Fundi wa kuezeka humwuliza kazi zake za awali kabla ya kumpa mabati; tumbo je?

Aulize pia kuhusu mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Endometriosi yaweza kuibana kimya kimya, figo ikafa pasipo maumivu. Nikiambiwa nichague jambo moja ambalo halifai kusahauliwa kabla ya tarehe hiyo, nitachagua hilo.

Hatari zipo na asifichwe. Mshono wa utumbo waweza kuvuja. Huwapata wachache katika kila mia moja, lakini anayepatwa hurudishwa chumba cha upasuaji upesi. Homa, tumbo kuwa gumu na maumivu yanayozidi badala ya kupungua katika siku za mwanzo ni ishara za kukimbilia hospitali, hata kama ni usiku wa manane na askari wa lango anauliza kadi. Wengine hushindwa kukojoa vizuri kwa muda, wakahitaji mpira. Na wengi hukuta tabia ya choo imebadilika: kwenda mara nyingi, au kubanwa ghafla, kwa miezi kadhaa.

Upande wa pili wa mizani pia una uzito. Utumbo unaoendelea kufinywa waweza kuziba. Tumbo likivimba, ukatapika, na usiweze kwenda haja wala kutoa upepo, hapo hakuna tena nafasi ya kuuliza maswali wala kumchagua daktari. Upasuaji uliopangwa kwa utulivu si sawa na ule wa saa nane za usiku. Sijui utumbo wa dada yetu umefinyika kiasi gani. Daktari wake anajua, kwani picha iko mbele yake. Amwulize.

Nirudi kwa mfuko, maana kurasa mbili kati ya nne zilikuwa za mfuko. Si kila anayekatwa utumbo huupata. Huwekwa hasa pale mshono ulipo chini sana, karibu na njia ya haja, ili upate nafasi ya kupona bila kupitiwa na uchafu. Mara nyingi ni wa muda, wiki kadhaa au miezi michache, kisha mgonjwa hupasuliwa mara ya pili na utumbo hurudishwa ndani. Unakaa chini ya nguo, kando ya kitovu. Ukibandikwa sawasawa haunuki. Utaoga nao, utalala nao, utaenda kazini nao. Amwombe muuguzi amchoree mahali pake kabla ya upasuaji akiwa amesimama na akiwa ameketi, usije ukaangukia kwenye mkunjo wa tumbo au mshipi wa sketi. Na aulize bei ya mifuko yenyewe na inauzwa wapi, kwa sababu ukiisha Jumapili jioni si jambo la kutafutia kioski.

Kuhusu gharama, bima ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024 si ya kudhaniwa. Aende ofisi ya hospitali mapema, apate kwa maandishi kinacholipwa na kisicholipwa. Kinachobaki ndicho cha kuitia ndugu, na ndugu hawachangii ugonjwa wasioujua. Mficha uchi hazai.

Nawe mume wa dada huyu, kwani ameniambia hulisoma gazeti hili kabla yake, kimya chako anakitafsiri kuwa ni kukataa. Huenda wewe nawe kwa miaka mitano ulidhani anakukimbia kitandani kwa kukosa mapenzi. Ilikuwa ni maumivu. Nenda naye siku ya kutia sahihi, uyasikie maelezo kwa masikio yako, na uyapeleke kwa mama yako wewe mwenyewe. Asiachiwe mkeo kazi hiyo.

Mwisho wa barua, chini ya jina, dada ameongeza kwamba mdogo wake atahitimu chuoni wiki saba baada ya upasuaji, naye ndiye aliyemlipia karo. Ataweza kufika? Wengi huwa wanatembea vizuri kufikia wakati huo, ingawa kubeba mizigo mizito bado. Daktari akimruhusu, avae gauni pana, abebe mifuko miwili ya akiba mkobani, akae kiti cha pembeni karibu na njia, na auulizie mlango wa choo kabla hotuba hazijaanza.