Mgeni wa Ziwa Asirudishwe kwa Nguvu

Mtu akisimama Kibirizi asubuhi, boti za mbao zinapopakia abiria wa Mwamgongo na Kagunga na akina mama wakianika dagaa juani, aweza kudhani kwamba ziwa hili ni la samaki na biashara tu. La hasha. Maji haya yameokoa roho za watu wengi, na wazee wa pwani hii wameona mara nyingi boti zikifika zimejaa watu wasio na mzigo wowote.

Walikuja Warundi mwaka 1972, serikali yao ilipoua raia wake, inakadiriwa laki moja au zaidi. Wakaja tena mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa kwa kura, kuuawa na askari. Mwaka 1996 wakaja ndugu zetu wa Kongo. Kisha Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza akatangazwa kugombea kipindi cha tatu, na waliopinga wakakamatwa na kupigwa risasi. Makumi ya maelfu walijazana Kagunga, penye nafasi ndogo kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaua kiasi cha watu 30, Watanzania wakiwamo. Meli yetu kongwe Liemba iliwachukua kundi baada ya kundi hadi Kigoma, wakalala katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, ndipo wakapelekwa Nyarugusu.

Wako wasemao kwamba hao walikimbia uvumi tu. Twawajibu kwa mambo yajulikanayo. Agosti 2015 mtetezi wa haki za wafungwa, Pierre Claver Mbonimpa, alipigwa risasi mjini Bujumbura, akaponea chupuchupu. Julai 2016 mwandishi wa gazeti la Iwacu, Jean Bigirimana, alitoweka. Mwaka 2018 Germain Rukuki alihukumiwa kifungo cha miaka 32 kwa kazi yake ya kutetea haki za binadamu, naye hakufunguliwa hadi mwaka 2021. Ikiwa watu wenye majina makubwa walitendewa hayo, mkulima asiyejulikana angemlilia nani?

Hatukatai kwamba wenyeji wamebeba mzigo. Kuni zimekuwa mbali, zahanati zimejaa, na mfanyakazi wa Kigoma ana haki ya kuuliza mbona mkoa wake ndio wa kwanza kuombwa. Swali hilo ni la haki, na lijibiwe na Serikali pamoja na mataifa tajiri ambayo husifu ukarimu wetu huku yakichelewesha chakula. Lakini lisigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia mkimbizi. Yeye hakukata msitu kwa anasa; alikuwa akitafuta moto wa kupikia watoto.

Sheria iko wazi. Mkataba wa wakimbizi uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969 na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao nchi yetu imeuridhia, wasema kwamba kumpa mtu hifadhi si tendo la uadui kwa nchi yake, na kwamba hapana mkimbizi atakayerudishwa bila hiari yake. India ilipowapokea Watibeti waliovuka milima pamoja na Dalai Lama mwaka 1959, ilitenda kwa ukarimu wa namna hiyo hiyo, ijapokuwa jirani mkubwa alikasirika. Nasi mwaka 2014 tuliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 kati ya wale wa mwaka 1972 na watoto wao. Tendo hilo lilitupa heshima, nayo heshima hiyo tusiiuze rahisi.

Tangu mwaka 2017 Warundi wengi wamerudi kwao kwa mpango wa serikali mbili na Umoja wa Mataifa. Arudiye kwa moyo wake tumsindikize kwa furaha, kwani hapana atakaye kuzeekea kambini. Lakini hiari ni neno zito. Mtu aliyefungiwa soko, akapunguziwa mgao, akavunjiwa kibanda, kisha akapewa karatasi atie sahihi, huyo hakuchagua; amesukumwa. Na akifika kwao akatoweka, damu yake itatuuliza sisi pia.

Kwa hiyo twawaambia wanachama, kuanzia shina hadi mkoa: ahadi ya kwanza ya TANU ilihusu undugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika, na ahadi hiyo yapimwa hapa pwani, boti inapogusa mchanga usiku. Balozi wa nyumba kumi asimuuze mgeni kwa askari kwa ajili ya kisirani cha jirani. Mwenye boti asidai nauli ya unyang'anyi kwa mtu anayekimbia kifo. Afisa na amsikilize kila mmoja peke yake, faraghani, kabla ya kuandika kwamba amekubali kurudi.

Leo ni kwao, kesho ni kwetu. Ziwa hili lina kingo mbili, na hapana ajuaye ni upande upi utakaohitaji boti mwaka ujao.